Bustani Yako ya Kwanza: Hesabu Madebe Kabla ya Kuhesabu Matuta

Leo tunapenda kuzungumza na wewe ambaye jembe bado ni geni mkononi mwako. Pengine wewe ni mfanyakazi wa ofisini, ni mwalimu, ni mama wa nyumbani, au ni kijana uliyemaliza shule juzijuzi. Umegawiwa kipande cha bustani bondeni, pembeni mwa mji. Kipande chenyewe kina mita 20 kwa mita 20. Kulia una jirani, kushoto una jirani, na mbele yenu nyote kuna kisima kimoja. Umeambiwa hivi: "Lima mboga. Ukikiacha kiwe pori, msimu ujao atapewa mwingine."

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Wazee watakumbuka kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya mwaka 1974/75, baada ya ukame na upungufu mkubwa wa chakula. Wakati ule hata wafanyakazi wa mijini walihimizwa kushika jembe. Wapo walioshika na hawakuliacha tena. Na wapo walioshika msimu mmoja tu, wakasema: "Kilimo si kazi yangu."

Sasa basi, tujiulize: kwa nini wale wa pili waliacha? Je, walikuwa wavivu? Hapana. Wengi wao walifanya kazi nyingi kupita kiasi, tena mwezi wa kwanza tu. Walipima bustani kwa ukubwa wa ardhi waliyopewa. Leo tunataka kukuonyesha kwamba msimu wa kwanza bustani haipimwi kwa ardhi. Inapimwa kwa maji unayoweza kuyabeba.

KOSA NILILOLIFANYA MIMI

Mimi ninayezungumza nawe nililifanya kosa hilo, na si vibaya nikusimulie. Nilipopata kipande changu cha kwanza nilichimba matuta 18, kila moja mita 1 kwa mita 10. Yote nikayajaza nyanya. Kichwani nilikwisha kuyaona matenga yakipakiwa kwenye gari. Fedha ya mbegu na ya mbolea ilitoka kwa mke wangu. Ilikuwa zamu yake ya kupokea mchezo, akanikabidhi yote.

Wiki ya kwanza tulimwagilia nyumba nzima, kwa furaha. Wiki ya pili tulimwagilia kwa kununiana. Wiki ya tatu watoto walikuwa wakiona ndoo tu, wanakimbia. Nikaanza kuruka siku, leo matuta haya, kesho yale. Ilipofika mwezi wa Agosti, matuta 15 yalikuwa yamekauka. Yalibaki 3, yale yaliyo karibu na kisima.

Mke wangu hakugomba. Aliniuliza swali moja tu: "Baba watoto, hivi kabla ya kuchimba, maji uliyahesabu?"

Sikuwa na jibu. Lakini ndugu mkulima, sikiliza jambo la kushangaza. Yale matuta 3 yaliyobaki yalitulisha mpaka vuli, na nyingine tukauza. Maana yake ni kwamba ningeanza na hayo 3 tu, nisingepoteza chochote. Ile fedha ya mchezo ningemrudishia mwenyewe.

HESABU YENYEWE

Haya, chukua kalamu. Hesabu hii ni fupi.

Wakati wa kiangazi, eneo la mita 1 ya mraba ya mboga linahitaji kwa wastani lita 5 za maji kwa siku. Tuta la mita 1 kwa mita 10 lina mita za mraba 10. Kwa hiyo tuta moja linahitaji lita 50, yaani madebe mawili na nusu ya lita 20. Hiyo ni kila siku. Mboga haijui Jumapili wala sikukuu.

Yale matuta yangu 18 yalihitaji lita 900 kwa siku. Hayo ni madebe 45! Sasa unaelewa kwa nini watoto walikimbia.

Tuseme wewe, kwa mzega, unabeba madebe mawili kwa safari moja. Asubuhi kabla ya kwenda kazini unakwenda safari 3, jioni safari 2. Jumla ni madebe 10, yaani lita 200. Gawanya kwa lita 50 za kila tuta: unapata matuta 4. Basi. Bustani yako ya msimu wa kwanza ni matuta 4, hata kama kipande chako kina nafasi ya matuta zaidi ya 20.

Angalia pia umbali. Kisima kikiwa mita 50 kutoka kwenye matuta, safari 5 za kwenda na kurudi ni mita 500. Hiyo ni kazi nyepesi. Lakini kisima kikiwa mita 300, safari hizo hizo 5 ni kilomita 3, na nusu ya njia hiyo una kilo 40 begani. Kwa hiyo unapochagua mahali pa kuchimba ndani ya kipande chako, usianzie palipo pazuri kwa macho. Anzia palipo karibu na maji.

Huenda unauliza: "Na ile sehemu iliyobaki nifanyeje? Si nitanyang'anywa?" Swali lako ni la haki. Sehemu iliyobaki usiiache pori. Fyeka majani, kisha mwishoni mwa masika, ardhi ikiwa bado na unyevu, panda kunde. Kunde huvumilia ukame kuliko mboga nyingi, majani yake ni mboga, punje zake ni chakula, na mizizi yake huongeza rutuba. Pale maji ya kisima yanapomwagikia panda matembele. Atakayekuja kukagua atakuta kipande kizima kina kazi, na wewe bado unabeba madebe 10 tu.

MSIMU UANZE LINI

Mfano wetu wa leo tunautoa katika ukanda wa pwani na sehemu za chini za Morogoro, ambako masika hunyesha kuanzia Machi mpaka Mei. Wewe uliye nyanda za juu, kama vile Lushoto au Njombe, ujue kwamba baridi ya Juni na Julai itachelewesha mazao yako. Ongeza siku katika hesabu zetu.

Mtu mgeni huona heri kuanza wakati wa mvua, maana maji ni ya bure. Lakini mvua kubwa ina mambo yake. Hulaza miche, huosha mbolea, na huleta magonjwa ya ukungu, hasa kwenye nyanya. Wakati mzuri wa kujifunza ni pale masika yanapokatika, hewa inapopoa, kuanzia mwisho wa Mei mpaka Septemba. Maji ni lazima uyabebe, ndiyo. Lakini wewe ndiwe unayeamua yawe kiasi gani.

Kwa hiyo mwezi wa Aprili, mvua ikiwa bado inanyesha, wewe tafuta samadi. Mwezi wa Mei chimba matuta na uoteshe kitalu. Mwezi wa Juni panda.

KUANDAA MATUTA

Kwanza ijue ardhi yako. Chukua udongo mbichi kiganjani, ufinyange. Ukimwagika hapohapo kama sukari, ni kichanga; maji yatapita upesi. Ukishikamana na kung'aa kama chungu, ni mfinyanzi, maji yatatuama. Ukishikamana kidogo, kisha ukauvunja kwa kidole, huo ni tifutifu, na wewe ni mtu mwenye bahati. Dawa ya kichanga na dawa ya mfinyanzi ni moja: samadi iliyooza vizuri.

Samadi iliyooza haina joto, haina harufu kali, na huwezi kutambua tena kama ni majani au kinyesi. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta wadudu. Kila tuta la mita 10 litie madebe 3 mpaka 4, kisha changanya na udongo kwa kina cha jembe.

Sasa tuta liwe la namna gani? Wengi wetu tumezoea kuinua tuta. Kuinua ni kuzuri wakati wa mvua, kwa sababu maji ya ziada hupata njia ya kutoka. Lakini wakati wa kiangazi, hasa kwenye kichanga, tuta la kuinuliwa hukauka haraka. Fanya tuta la kuzama: usawa wake uwe chini kidogo kuliko njia, na kingo zizunguke pande zote kama sahani. Maji uliyoyabeba kwa jasho yatabaki pale ulipoyamwaga.

Upana usizidi mita 1. Ukichuchumaa upande mmoja mkono ufike katikati, wala usilazimike kukanyaga ndani. Udongo uliokanyagwa hushindiliwa, na mizizi hupata taabu. Kati ya tuta na tuta acha njia ya nusu mita.

MATUTA MANNE, MAZAO SITA

Matuta haya 4 tuyapande nini? Usipande zao moja. Panda mazao yanayopokezana, ili hili likiisha lile liwe limefika.

Tuta la kwanza ni la mchicha. Mchicha ndio zao la kumtia moyo mtu mgeni, maana huvunwa wiki ya 3 au ya 4 tangu kusia. Mbegu zake ni ndogo sana. Zichanganye na mchanga mkavu ili usizimwage mahali pamoja. Sia kwa mistari, sentimita 20 kati ya mstari na mstari, na ufukie kidogo tu. Lakini usisie tuta zima siku moja! Sia nusu yake leo, nusu nyingine baada ya wiki 2. Ukisia lote pamoja, utavuna mchicha wa kuwagawia majirani wiki moja, kisha wiki tatu zinazofuata utakwenda kununua sokoni. Miche ikisongamana, ing'oe mingine ukaile. Hiyo ndiyo mboga yako ya kwanza.

Tuta la pili ligawe. Nusu ni sukuma wiki, nusu ni chainizi. Sukuma wiki huanzia kitaluni, huhamishwa ikiwa na wiki 4 hivi, na hupandwa sentimita 45 kati ya mche na mche. Katika mita 5, kwa mistari 2, itaingia miche kama 22. Baada ya wiki 4 mpaka 6 utaanza kuchuma majani ya chini. Yale 4 au 5 ya juu yaache, maana hayo ndiyo jiko la mmea. Ukiyachuma umezima moto. Ukiitunza hivyo itakupa majani kwa miezi mingi. Chainizi ni ya haraka zaidi, nayo itakushikilia mpaka sukuma iwe tayari.

Tuta la tatu ni la nyanya. Tuta moja tu, tafadhali. Kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya mche na mche, mistari 2, litachukua miche kama 32. Inakutosha kabisa kujifunzia. Katika mbegu zetu za humu nchini kuna Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa mwaka 1997. Tanya ni fupi. Tengeru 97 ni ndefu. Hiyo isimikie mti wa mita 1 na nusu kila mche, uifunge kwa kamba laini mithili ya namba 8 ili shina lisikatike, na uyaondoe machipukizi yanayoota kwenye makwapa ya majani.

Tuta la nne ni bamia na nyanya chungu, nusu kwa nusu. Bamia huisia moja kwa moja tutani, mbegu 2 kila shimo, sentimita 40 kati ya shimo na shimo. Baadaye ubakize mche mmoja. Hustahimili jua, na huanza kuvunwa baada ya siku 50 mpaka 60. Ichume kila baada ya siku 2, ingali changa. Ukiiacha ikomae huwa ngumu kama ukuni, na mmea huona kazi yake imekwisha. Nyanya chungu huchelewa kidogo, lakini ikianza kuzaa huendelea.

KITALU

Nyanya, nyanya chungu na sukuma wiki huanzia kitaluni. Kitalu chako kiwe kidogo, mita 1 kwa mita 2 inatosha. Chora mistari sentimita 15 kati ya mmoja na mwingine, sia mbegu kwa kina cha sentimita 1, funika kwa nyasi kavu na umwagilie kwa keni yenye matundu madogo. Mbegu zikianza kuchungulia, ziondoe nyasi siku hiyohiyo. Ukichelewa, miche itarefuka kama nyuzi. Badala yake weka kichanja chenye kivuli chepesi.

Hapa maji yana hatari ya namna nyingine. Mtu mgeni anaipenda mno miche yake. Kila akipita anaimwagia. Kitalu kikilowa siku nzima na miche ikisongamana, huja ugonjwa wa kinyausi. Shina huoza pale linapogusana na udongo, na mche huanguka kama uliokatwa. Kwa hiyo mwagilia asubuhi, juu ya udongo pakauke kidogo mchana, na upunguze miche iliyobanana.

Wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha, punguza maji na uondoe kivuli kidogo kidogo, ili miche ikomae na kuzoea jua. Hamisha jioni, kuanzia saa 10, siyo asubuhi. Mche uliohamishwa jioni unapata usiku mzima wa kupumzika kabla ya kuonana na jua.

KUMWAGILIA KWA AKILI

Sasa tumefika kwenye kazi ya kila siku. Mwagilia asubuhi mapema au jioni jua likiwa limepoa. Mwaga maji chini, kwenye shina, siyo juu ya majani. Majani ya nyanya yakilala na maji huita ukungu.

Je, utajuaje kama maji yametosha? Usiangalie rangi ya juu, maana udongo wa juu hudanganya. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo mbichi ulioshikamana, leo acha. Kikitoka kikavu, mwagilia. Ni heri kumwaga maji mengi mara moja yakazama, kuliko kunyunyiza kidogo kidogo mara nne. Maji ya kunyunyiza huishia juu, na mizizi hupanda juu kuyafuata. Siku utakayokosa kuja, mmea unakauka.

Kisha tandaza. Nyasi kavu, majani ya migomba, au magugu uliyong'oa kabla hayajatoa mbegu, yaweke kuzunguka miche kwa unene wa kiganja. Matandazo huzuia jua lisiutwange udongo, na magugu huota kwa shida. Yaache mbali kidogo na shina lenyewe ili lisioze.

Na hapa tutaje jambo linalowapotezea fedha watu wengi. Nyanya imezaa vizuri, lakini ukiigeuza, kitako chake ni cheusi na kimebonyea. Mwenye bustani anakimbilia dukani kununua dawa. Ndugu yangu, hakuna mdudu pale! Nyanya imekosa chokaa ya kutosha ndani ya tunda, na mara nyingi sababu ni kumwagilia kwa kurukaruka: leo mafuriko, siku tatu ukame. Maji ndiyo yanayobeba chokaa kutoka kwenye udongo. Dawa yake ni madebe yaleyale, kila siku, kwa kiasi kilekile. Mimi katika yale matuta yangu nilipiga dawa mara mbili bure.

MAADUI WA MSIMU WA KWANZA

Asubuhi moja utakuta mche uliopanda jana umelala chini, umekatwa kama kwa wembe. Huyo ni sota. Mchana hujificha ndani ya udongo karibu na mche aliokata. Fukua kwa kidole sentimita chache tu, utamkuta amejikunja, mwue. Miche mingine izungushie karatasi au jani la mgomba pale shina linapoingia ardhini.

Chini ya majani ya sukuma wiki utaona vidukari vimejazana. Wakiwa wachache waponde kwa vidole au waoshe kwa maji. Jani lililojikunja sana lichume ulizike.

Kwenye nyanya yupo adui ambaye wazee wetu hawakumjua. Anaitwa kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na aligunduliwa hapa nchini mwaka 2014. Kiwavi wake hutoboa jani na kula katikati, akaacha baka lililopauka kama karatasi. Kisha huingia kwenye tunda. Kwa miche 32 unaweza kuikagua yote kila siku. Hiyo ndiyo faida nyingine ya kuanza na kidogo. Jani lenye baka na tunda lililotobolewa liondoe mara moja. Usilitupe njiani, lifunge ndani ya mfuko wa plastiki na kuuanika juani, au lizike chini sana.

Ukiona hali imekuzidi, mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba wa eneo lako, aone kwa macho yake kabla hujanunua dawa. Na ukilazimika kupiga dawa, soma kibandiko: kinaeleza ni siku ngapi lazima zipite kabla ya kuvuna. Siku hizo si za kupunguza. Kumbuka kwamba mchicha wa tuta la kwanza uko jirani na nyanya, na mchicha huo ndio wanaokula watoto wako jioni. Upepo haujui mpaka wa tuta.

Maji nayo yatazame. Maji ya mfereji unaopokea uchafu wa vyoo au wa viwanda usiyatumie kwa mboga za majani, hata kama yako karibu na madebe yatapungua uzito wa safari. Hapo umbali ni afadhali.

DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nunua daftari dogo la shule. Kila siku andika mambo matatu: madebe uliyobeba, ulichovuna, na fedha iliyotoka au kuingia. Mboga mliyokula nyumbani nayo iandike kwa bei ya sokoni, maana hiyo ni fedha ambayo haikutoka mfukoni.

Utaona jambo hili: mwezi wa Juni daftari lina matumizi tu. Usishtuke. Mwishoni mwa Juni mchicha unaanza kujibu. Julai inaingia chainizi, sukuma, na mwishoni bamia. Nyanya, ulizosia katikati ya Mei na kuhamisha katikati ya Juni, zitaanza kuiva mwishoni mwa Agosti. Mtu aliyepanda nyanya peke yake amebeba maji tangu Mei mpaka Agosti bila kuonja kitu. Huyo ndiye anayekata tamaa mwezi wa Julai. Wewe uliyechanganya, kila wiki unarudi nyumbani na fungu mkononi, na nyumba yako inaona sababu ya kukusaidia kubeba ndoo.

MSIMU UKIISHA

Nyanya zikichoka, mwezi wa Septemba au Oktoba, zing'oe zote. Ukikuta mizizi ina vinundu vingi kama ushanga, hiyo ni minyoo fundo; usiiingize mizizi hiyo kwenye mboji, ichome moto. Mahali palipokuwa na nyanya usirudishe nyanya. Usipande pia nyanya chungu, bilinganya, pilipili, wala viazi mviringo, kwa sababu hizo zote ni za ukoo mmoja na magonjwa yao ni yaleyale. Pale panda mchicha au kunde. Nyanya zihamie kwenye tuta lililokuwa na mchicha.

Halafu kaa chini ufungue daftari. Kama siku nyingi ulifikisha madebe 10 bila taabu, na saa ikabaki, msimu ujao ongeza tuta moja. Moja tu. Ndani yake andika madebe mawili na nusu ya nyongeza, na jina la mtu atakayeyabeba. Kama hakuna jina, hakuna tuta. Lakini kama mara nyingi uliishia madebe 7, punguza, baki na 3, na usione haya. Jirani yako akikucheka kwamba umelima kipande kidogo, mwambie arudi mwezi wa Agosti, mtazame pamoja.

Mwaka wangu wa pili mimi nilirudi na matuta 4. Kabla sijainua jembe, mke wangu alikaa na daftari magotini, akanitajia hesabu: matuta 4, madebe 10, safari 3 zangu asubuhi, safari 2 za watoto wakubwa jioni. Mchezo wake nilimaliza kuulipa msimu huo, sehemu kubwa kwa mafungu ya sukuma wiki.

Basi ndugu mkulima, kwa leo tuishie hapa. Kesho asubuhi, kabla ya kushika jembe, shika ndoo. Nenda kisimani, rudi mpaka kwenye kipande chako, na uhesabu hatua. Ukishapata jibu ndipo uchimbe.